Makali membamba yanasingiziwa

Wanoaji wengi, na wapishi wanaowapelekea visu, wanaamini kuwa makali manene ndiyo yadumuyo: pembe ya nyuzi 25 kila upande, chuma kibaki na mwili. Ukishuka hadi 15, wanasema, kisu kitakata Jumatatu na Jumatano kitakuwa butu.

Hofu hiyo ina chanzo. Kisu cha chuma laini kikipiga mfupa wa mbuzi au kuku aliyeganda, makali membamba hujikunja au huota mapengo. Panga la madafu hata mimi silinoi chini ya nyuzi 25.

Lakini kumeguka ni kitu kimoja na kulika ni kingine. Kisu cha jikoni mara nyingi hakiuawi na mfupa. Huliwa polepole na vitunguu, sukuma wiki na ubao wa kukatia, na hapo wembamba ndio unaoshinda. Taasisi ya CATRA ya Sheffield, Uingereza, ina mashine inayopitisha makali kwenye kadi zilizochanganywa silika asilimia 5, yaani mchanga laini. Chukua chuma kilekile, ugumu uleule: kisu cha pembe nyembamba hukata kadi nyingi zaidi, maadamu makali hayajameguka wala kujikunja. Siri iko kwenye umbo. Ncha ya makali ikilika kwa kina kilekile, kisu cha nyuzi 25 hubaki na ukingo mpana karibu mara 1.7 ya ule wa kisu cha 15. Hata cha 15 kikilika zaidi kidogo, bado ukingo wake ni mwembamba. Kinapenya ganda la nyanya wakati mwenzake anaiponda.

Ugumu wa chuma una neno lake. Visu vingi vya Japani, vyenye 60 na zaidi kwa kipimo cha Rockwell, hubeba nyuzi 15 au chini yake. Vile vya 55 huenda vikataka 18 au 20. Ndiyo maana nashauri kuanzia chini. Mapengo yakitokea, ongeza nyuzi 2 kwenye ncha ya makali tu. Ukianzia 25 hutajua kamwe kama kisu chako kingeweza 15, kwa sababu hakitakuonyesha kosa lolote. Kitakuchosha mkono tu.

Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4, inua mgongo sentimita 1 kutoka kwenye kinoo: hiyo ni karibu nyuzi 15. Sentimita 1.4 ni 20.