Desemba ya Nakuru na Desemba ya huku: asiye na kwao anakumbukwa na nani?

Kila Desemba, kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa wa zamani pale Nakuru, hakosi mtu wa kuleta ile hoja. Wazungu hawana utu. Wazee wao wamewaficha kwenye makao, Krismasi inawapita wakitazama televisheni. Sisi bado tuna undugu. Makofi yanafuata, na baada ya makofi natajwa mimi, niliye Uingereza na ambaye mkate wangu ni kuwahudumia hao hao wazee, nije kutoa ushahidi. Mwaka huu nimekataa kuwa shahidi. Jibu lilikuwa refu mno kwa simu, kwa hiyo naliweka hapa.

Upweke wa huku upo, tena ni mkali. Tarehe 25 Desemba treni hazitembei, mabasi karibu yote yamelala, na maduka makubwa hufungwa kwa amri ya sheria. Mzee asiye na gari, ambaye mwanawe anaishi Australia, anaweza kuimaliza siku hiyo bila kusikia sauti ya binadamu isipokuwa yangu. Mimi nami naingia kumwogesha na kumpa dawa, nampashia chai, halafu natoka mbio kwa mwingine. Anayesema Maragoli au Mumias mzee kama huyo angezungukwa na wajukuu, wengine wamemkalia miguuni, anasema kweli.

Ila wanaoleta hoja huishia hapo, na mimi naona kinachofuata. Wapo watu wanaojua kwamba huyo mzee yuko, ingawa si mama yao wala si jirani yao, na wamekaa kikao tangu Septemba kupanga namna ya kumfikia.

Katika mji huu mdogo ninaoishi, Desemba ikianza, utasikia muziki wa Krismasi unakuja kutoka mbali barabarani, na giza lishaingia ingawa ni saa kumi na moja jioni tu. Ni gari linavuta trela lililopambwa taa, na juu ya trela kaketi Baba Krismasi mwenye ndevu za pamba. Nyuma yake wanatembea watu wazima, wengi wenye mvi, wamevaa fulana za kung'aa gizani na wameshika ndoo. Hubisha hodi mlango kwa mlango. Watoto wanatoka na nguo za kulalia, wazazi wanatia sarafu, na asiye na sarafu anagusisha kadi kwenye kimashine. Huo ni mtindo wa miji mingi ya Uingereza, na wanaoufanya ni klabu za kujitolea: Rotary, Lions, Round Table. Ratiba ya mitaa hutangazwa mapema ili watoto wasimkose Baba Krismasi. Kuomba pesa barabarani kunahitaji kibali cha halmashauri, na ndoo zimefungwa kwa lakiri, hakuna wa kuchomoa noti njiani.

Na pesa hizo zinakwenda wapi? Swali hilo nilimuuliza mmoja wa wale wazee wa ndoo nilipokuwa bado mgeni, nikitegemea jibu la kuzungukazunguka. Alinijibu hapo hapo mlangoni, kwenye baridi: sehemu kwa benki ya chakula, sehemu kwa nyumba ya wagonjwa mahututi, sehemu kwa chakula cha mchana cha siku yenyewe ya Krismasi kwa yeyote aliye peke yake, na iliyobaki inangoja watakaokuja kuomba mwezi wa pili na wa tatu. Hicho chakula cha mchana hupikwa kwenye ukumbi na watu wasiolipwa, na kwa kuwa hakuna basi, madereva wa kujitolea huwafuata wazee majumbani na kuwarudisha. Huulizwi unasali wapi wala ukoo wako ni upi.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wa Nakuru wanisikilize, kwa sababu historia ya klabu hizi inatuhusu kuliko tunavyodhani. Rotary ilianza Chicago, Februari 1905. Mwanzilishi wake, Paul Harris, alikuwa wakili aliyelelewa katika mji mdogo wa Vermont. Alipoingia jiji kubwa, kazi alipata lakini watu hakuwa nao. Akawaita wenzake wachache wa biashara mbalimbali, wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, kesho ya yule. Hebu niambieni hicho si chama, kama vile vyetu vya kuchangiana pesa, ni nini. Wageni wa mjini, hawana ukoo hapo, wanazungushana makao na kuinuana kibiashara. Wamama wa mitaa yetu ya Kaptembwa na Rhonda wangewaelewa mara moja. Tofauti ilikuja miaka michache baadaye, pale wale mabwana waliposema: sasa tufanye kitu kwa ajili ya watu ambao si sisi. Kazi yao ya kwanza kwa umma haikuwa ya fahari. Walisukuma hadi jiji la Chicago likapata vyoo vya umma. Lions nao, walioanzishwa mwaka 1917 na wakala wa bima, Melvin Jones, walipata shughuli yao kubwa mwaka 1925, Helen Keller, mwandishi wa Marekani asiyeona wala kusikia, aliposimama mbele yao akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Ndiyo maana hadi leo ukisikia kambi ya macho mahali fulani, wazee wanatolewa mtoto wa jicho, mara nyingi Lions hawako mbali.

Niseme pia, kwa wanaodhani nawapigia debe, kwamba mabwana hao waliwafungia wanawake nje hadi 1987. Wakati huo kwetu wanawake walikuwa wakiendesha vyama wenyewe tangu zamani sana, wakijengeana mapaa ya mabati na kununuliana sufuria.

Sasa tuitazame Nakuru yetu Desemba. Mji wetu ni wa watu waliokuja: na reli, na mashamba ya walowezi, na viwanda, na vurugu za Molo. Mwaka 2021 tukapewa hadhi ya jiji, lakini ukiuliza mtu wa Free Area au Shabab kwao ni wapi, atakutajia Kakamega, Kisii, Nyeri au Siaya. Shule zikishafungwa, steji inafurika. Nauli inapanda bila haya. Mabasi ya Nairobi yanapita yamejaa, magodoro na masanduku juu ya paa, na wa Nakuru wanasubiri kiti hadi usiku. Mtu aliyelipwa bonasi anabeba unga, sukari, mafuta na nguo za watoto, anakwenda navyo ushago. Kijijini wanachanga ng'ombe, anachinjwa, kila boma linapata fungu. Tarehe 26 Mbale, kule Vihiga, inajaa watu wa sherehe za Kimaragoli. Ni raha, na ninaikosa kuliko ninavyoweza kueleza.

Na Nakuru nani amebaki? Amebaki mlinzi wa usiku. Amebaki mama aliyefukuzwa kwenye ndoa na asiyepokelewa kwa kaka zake. Wamebaki wazee wa Bondeni na Kivumbini ambao babu zao walikuja na reli, na huko walikotoka hakuna hata anayewajua kwa jina. Wamebaki wanaookota taka kwenye jalala la Gioto, na baadhi ya wale waliolala kwenye mahema uwanja wa maonyesho mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, na hawakupata pa kurudi. Wamebaki watoto wa mtaani. Mnakumbuka Februari 2019, habari zilipotoka kwamba watoto wa mtaani wa Nakuru wamebebwa usiku na kuachwa msitu wa Chemasusu kule Baringo? Nchi nzima ilikasirika kwa wiki moja hivi.

Undugu wetu unasafiri na sisi kwenye basi, halafu unawaacha wasio na tiketi. Huku ninakoishi, tarehe 25 ndiyo siku klabu zinamtafuta mtu asiye na mtu. Kwetu ndiyo siku anayepotea kabisa machoni, kwa sababu hata jirani ambaye Juni humkatia kipande cha ugali amefunga mlango akaenda kwao.

Najua mtaniambia makanisa yanatoa. Yanatoa, na Mungu awabariki. Wanasiasa pia wanatoa, kwa kamera. Foleni inapangwa juani kuanzia saa mbili, Mheshimiwa anafika saa nane, bibi kizee anapewa unga pakiti moja na kushikishwa mkono hadi picha itoke vizuri. Katika miaka yangu yote huku sijaona uso wa mzee aliyepokea kikapu cha Krismasi ukibandikwa mtandaoni ili aliyetoa asifiwe. Hilo tungeweza kuliiga kesho asubuhi bila senti moja. Na tusisingizie umaskini wa sheria: mwaka 2003 ilitungwa sheria ya maadili iliyomzuia mtumishi wa umma kutumia cheo chake kuomba michango, na Julai 2024, vijana walipokuwa barabarani, rais mwenyewe alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki harambee. Kila mtu anajua bahasha zinaendelea kupita mlango gani.

Jambo jingine ni hesabu. Lions wana kanuni ninayoipenda sana: pesa iliyotoka kwa umma inarudi kwa umma, na gharama za kuendesha klabu, chai na mikutano, zinalipwa na wanachama kutoka mifukoni mwao. Halafu huku shirika la hisani lililosajiliwa unaweza kufungua hesabu zake kwenye tovuti ya serikali na kuzisoma ukiwa kitandani. Sisi mchango wa hospitali unafikia shabaha, mweka hazina anaandika "asanteni, Mungu awazidishie", na mazungumzo yanaishia hapo. Ukiuliza zilizobaki zimekwenda wapi, wewe ndiye mchawi.

Wakati pia tunaukosea. Desemba ni mwezi mikono iko wazi, kwa hiyo ni mwezi mzuri wa kukusanya. Wale wazee wa ndoo wanalijua hilo, ndiyo maana wanakusanya Desemba na kutoa mwaka mzima. Sisi tunakusanya na kumaliza siku hiyo hiyo. Mtu anakula nyama tarehe 25, na tarehe 6 Januari hana karo, hana yunifomu, na kila aliyempa soda yuko kwenye madeni yake mwenyewe. Ukitaka kumsaidia mtoto wa Rhonda, usimpe pilau ya Krismasi. Mnunulie viatu vya shule, na umpe wiki ile shule inapofunguliwa.

Klabu zenyewe zipo nyumbani pia, nisije nikaonekana sijui. Nairobi ilipata Rotary mwaka 1930, na Nakuru na Kisumu zina Rotary na Lions wanaofanya kazi ya maana. Shida ni kwamba mtu wa kawaida anaziona kama kikao cha daktari, wakili na mwenye duka kubwa, wanaokula chakula cha mchana hotelini. Ada peke yake inamtosha mama wa kibanda kujaza duka. Kinachonipa matumaini ni vijana wa Rotaract, klabu za vijana za Rotary. Huku klabu zinazeeka, wanachama wanalalamika hakuna wa kuvuta trela baada yao. Kenya vijana wanajiunga wenyewe, wana nguvu, na hawaogopi kuuliza risiti.

Lakini sidhani wokovu wetu utatoka hotelini. Utatoka kwenye vyama, kwa sababu huko ndiko watu waliko na huko ndiko nidhamu ya pesa iliko. Mwanamke anayeweza kuwakumbusha wenzake ishirini kila Jumamosi kulipa mia mbili, na kuwatoza faini wanaochelewa, hahitaji mafunzo kutoka Chicago. Chama chetu kina ukuta mmoja tu: anayesaidiwa ni mwanachama. Nimependekeza kwa chama cha mama yangu pale Kivumbini kwamba siku ya kugawana, Desemba, kabla hisa hazijatoka, watenge sehemu ndogo ya faida ya mikopo kwa ajili ya watu wawili au watatu wa mtaa ambao hawamo chamani na hawaendi popote Krismasi. Zitolewe Januari. Bila picha. Hesabu isomwe mbele ya wote.

Mama aliwasomea ujumbe wangu. Mweka hazina wao, mwanamke ninayemheshimu na aliyeniuzia sukumawiki kwa mkopo miaka mingi, akauliza swali la haki: asiyechanga akisaidiwa, anayechanga ataendelea kuchanga ya nini? Mwingine akasema ni rahisi kwangu kusema hivyo, mimi nalipwa kwa pauni.

Kwa huyu wa pili, sawa. Nimesema nitaweka kiasi sawa na watakachotenga, mwaka wa kwanza tu, kisha niwaachie, maana sitaki kuwa Mheshimiwa mwingine wa bahasha. Kwa mweka hazina, nilimwandikia kwamba mwanachama anachanga kwa sababu ya hisa yake, na hisa yake haiguswi. Kinachoguswa ni riba, ambayo mwaka jana sehemu yake ilinunua leso za sare. Hajanijibu bado. Mama anasema mambo yatapigiwa kura kabla ya kugawana, na kwamba wale wa leso ni wengi.