Mwacheni Bertha aimbe

Juzi mwenzangu mmoja, mpenzi wa maigizo kama mimi, aliniambia kuwa angepewa *Jane Eyre*, ile riwaya ya mwalimu wa nyumbani Jane anayependana na tajiri wake Rochester, aifanye tamthilia ya muziki, wa kwanza kupunguzwa angekuwa Bertha, mwanamke mwenye wazimu anayefichwa ghorofani. Eti jukwaani anatisha tu, na watu wamekuja kuona mapenzi. Nimeshindwa kunyamaza.

Kupunguza ni lazima, hilo nakubali kwa shingo upande. Riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847 ina sura 38. Paul Gordon na John Caird walipoifikisha Broadway, New York, kama tamthilia ya muziki Desemba 2000, nao walibanwa na saa chache za jioni moja. Shule ya Lowood, alikosoma Jane, ipite haraka. Mchungaji St. John, anayetaka kumwoa Jane baadaye, na mipango yake ya India apewe dakika zake, aende zake.

Lakini Bertha ndiye mke! Rochester alimwoa Spanish Town, Jamaika, kwa sababu alikuja na pauni 30,000 za baba yake, mfanyabiashara mwenye mashamba, wakati mali ya kina Rochester yote ilikuwa imewekewa kaka mkubwa. Kisha akamfungia ghorofani katika jumba lake la Thornfield miaka kumi. Katika kitabu kizima hatusikii sentensi hata moja kutoka kinywani mwake. Tunasikia kicheko na mngurumo. Hata vitisho vyake tunasimuliwa na ndugu yake aliyeng'atwa naye, na habari za ndoa tunazipata kwa Rochester, mtu yuleyule anayetaka kuoa tena.

Kitabu kina udhuru wake: msimulizi ni Jane, na Jane hakuwahi kuzungumza naye. Jukwaani udhuru huo haupo. Ukimpa Jane wimbo, ukampa Rochester, ukampa hata Blanche Ingram anayewinda mume tajiri, halafu Bertha ukambakizia mayowe, umeshaamua nani ni mtu na nani si mtu. Sisi tuliokulia kwenye taarab tunajua mwanamke aliyenyamazishwa nyumbani anaweza kusema mangapi kwa wimbo mmoja.

Na mahali pa wimbo huo papo tayari. Siku mbili kabla ya harusi, usiku, Bertha anaingia chumbani kwa Jane, anajivika shela ya bibi harusi, anajitazama kwenye kioo, kisha anaichana vipande viwili na kuikanyaga. Hapo aimbe. Aimbe kwa sauti ya chini wimbo uleule ambao katika tamthilia yetu Rochester atakuwa amemwimbia Jane bustanini akimchumbia, maana yeye ndiye atakayekuwa ameusikia kwanza, Jamaika. Jane yuko kitandani, anasikia, bado haelewi. Sisi tunaelewa.

Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alimpa Bertha maisha kamili katika riwaya yake ya 1966, kwa hiyo asiniambie mtu kuwa haiwezekani.

Mwenzangu anahofia watazamaji watamchukia Rochester na mapenzi yataharibika. Mbona Jane mwenyewe, harusi ikishavunjika, anamkemea Rochester kwa kumtaja mkewe kwa chuki? Anamwambia huo ni ukatili, kwamba mwanamke yule hakujitakia wazimu. Anayasema hayo akiwa bado anampenda. Tukishamsikia Bertha, kemeo hilo litatua kwa uzito wake wote, na Jane akitoka Thornfield alfajiri hatutahitaji wimbo wa kutueleza kwa nini anaondoka.