Ngazi ya Marx kwenye mikorosho ya Newala

Waliosoma siasa enzi za chama kimoja wanaikumbuka ngazi ile ya Karl Marx ya hatua za historia: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, kisha ujamaa. Uzalishaji ukikua hadi kubanwa na umiliki uliopo, mfumo huvunjika na mwingine huzaliwa.

Ukiileta huku Kusini mwa Tanzania, inayumba. Utumwa wa Kilwa Kivinje haukuutangulia ubepari, uliulisha: katika karne ya 19 watu waliotekwa bara walipakiwa pale, wengi wakaishia mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na karafuu zikauzwa soko la dunia. Kabaila naye ukimtafuta uwanda wa Makonde, Newala ilipo, humpati. Ardhi ilikuwa ya ukoo, tena wa upande wa mama. Pamba ya lazima ililetwa na Mjerumani, na Wamatumbi waliing'oa mwaka 1905, Maji Maji ikaanza.

Watetezi wa Marx watasema ngazi hiyo ngumu ni ya wafuasi wake, na wana haki. Mwaka 1881 alimwandikia Vera Zasulich, mwanamapinduzi wa Urusi, kwamba ulazima alioueleza unahusu Ulaya Magharibi tu.

Nyerere alikwenda mbali zaidi mwaka 1962: Afrika ya jadi haikuwa na matabaka, hivyo ujamaa hauhitaji vita vya kitabaka. Hapo nasita, na sababu yangu ni mkorosho. Muhogo unang'olewa, shamba linarudi kwa ukoo. Mkorosho unazaa miaka mingi, na ni wa aliyeupanda. Baba akaanza kutaka mti wake urithiwe na mwanawe, si mpwa. Hakuna aliyetunga sheria. Zao la biashara lenyewe liliugeuza urithi. Hapo Marx anasomeka vizuri kuliko wengi wanavyokubali.

Kisha kuna kangomba. Chakula kimekwisha, ada ya mtoto inadaiwa, mkulima anauza korosho zingali maua kwa mwenye fedha kijijini, mara nyingi jirani yake. Marx alitarajia mkulima anyang'anywe ardhi ndipo awe mnyonge. Huyu shamba analo, hati ya kimila pengine anayo, ila mavuno si yake. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kupeleka korosho ghalani, kupewa risiti na kuziuza kwa mnada, ulioanza Mtwara mwaka 2007, ilimbana mlanguzi kwenye mnada. Lakini mnada hufunguliwa Oktoba, na njaa ya Februari haina ghala la kuikopesha.