Tusimsingizie Nyiragongo kutu ya kioo cha mbele

Asubuhi moja ya Novemba, baada ya mvua iliyopiga mtaa wetu wa Himbi, hapa Goma, usiku kucha, mke wangu aliingia garini, akakanyaga zulia, kisha akainua mguu haraka kama aliyekanyaga chura. Soksi chapachapa. Nikapeleka mkono: upande wake maji, upande wangu wa usukani kukavu. Madirisha yalikuwa yamefungwa, milango mizima. Tukatazamana kama watu wawili wanaoshukiana kumwaga birika.

Jibu nililotoa lilikuwa jibu la mtu wa Goma: ni volkano. Hapa kwetu chuma chochote kikioza kabla ya siku zake, kesi tunaipeleka mlimani. Mabati, misumari, bawaba za geti, waya wa kuanikia nguo, vyote ameviua Nyiragongo. Na si uzushi mtupu. Moshi wake, na wa jirani yake Nyamulagira, umejaa gesi ya salfa. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa mawinguni inarudi chini ikiwa mvua yenye asidi, na mwenye nyumba upande ambao upepo hupeleka moshi hahitaji mwalimu wa kemia amweleze kwa nini mabati yake yametoboka. Kwa hiyo nilipoona vipele vya rangi vimeota juu ya kioo cha mbele, pale paa linapoanzia, kwangu kesi ilikuwa imekwisha. Mshtakiwa ana urefu wa mita 3,470 na hajawahi kujitetea.

Aliyemtetea ni mzee mmoja wa Ndosho, tolie, ambaye alianza kunyoosha bodi za magari mimi nikiwa bado wa kaptula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalizunguka gari bila haraka, akagonga paa, akagonga kapo (boneti), kisha akasimama mbele yangu.

"Patroni, hiyo asidi inachaguaka fasi ya kula? Kapo nayo si inanyeshewa?"

Nikakosa la kusema. Kapo ilikuwa safi. Paa safi. Milango imekwaruzwa na pikipiki za wanamoto mara nisizoweza kuhesabu, lakini kutu ya maana haina. Gari zima lilikuwa limenyeshewa mvua ileile kwa miaka ileile, na kutu imekaa kwenye mzunguko wa kioo peke yake, kama ukoko kwenye ukingo wa sufuria. Mzee akainua ncha ya mpira kwa ukucha, akasukuma bisibisi chini yake. Iliingia kama kwenye mkate uliolowekwa chai. Akauliza swali la pili: "Parabrizi hii walibadilisha lini?"

Ndipo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma, njia ya Sake, lori lililokuwa mbele yangu lilirusha jiwe, moja ya yale mawe meusi yenye matundu, na kioo kikapasuka toka juu hadi chini. (Kama Nyiragongo ana hatia katika kesi hii, basi ni ya jiwe, wala si ya mvua.) Nilikwenda kwa vijana wanaofunga vioo huko mjini, tukapatana, nikaketi mgahawa wa jirani nikaagiza ugali na sambaza. Sahani haijafika nusu, kijana akaja kuniita: gari tayari. Nilifurahi mno. Nilimwongezea hata hela ya soda kwa ajili ya kasi yake. Leo naelewa kwamba kutu yangu niliinunua mwenyewe, na bakshishi nikatoa.

Niseme jinsi inavyokuwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Kwenye Land Cruiser za zamani kioo kilikaa ndani ya mpira mnene, na huo mpira ndio uliokishika. Magari mengi ya baadaye hayako hivyo. Ule mpira mwembamba unaouona pembeni ni pambo tu na kinga ya maji ya juujuu. Kinachoshika kioo ni mkanda wa gundi nzito nyeusi, ya poliyurethani, iliyobanwa kati ya kioo na ukingo mwembamba wa chuma unaozunguka uwazi wake. Ukingo huo huwezi kuuona: nje umefunikwa na mpira na kioo, ndani umefunikwa na dari na plastiki za nguzo. Kioo kikivunjika, fundi anaikata gundi kwa kisu au kwa waya, na kisu hakina macho. Kinapasua rangi mpaka chuma kitupu. Mkwaruzo mwembamba kama uzi unatosha.

Kinachoudhi ni kwamba kazi nzuri hapa ni nyepesi kuliko kazi mbaya. Gundi ya zamani haitakiwi kung'olewa yote. Inapunguzwa kwa kisu mpaka ibaki kama milimita 1 au 2, nayo ikiwa safi na imeshika vizuri, gundi mpya huishika kuliko inavyoshika kitu kingine chochote. Pale kisu kilipogusa chuma, unapaka praima nyeusi, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, kutoka kwenye kichupa kidogo kama cha rangi ya kucha, unangoja ikauke, unaendelea. Dakika chache. Kijana wangu, kwa bidii yake yote, alichukua patasi akakwangua mzunguko mzima mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu macho yake yalimwambia kwamba hivyo ndivyo usafi ulivyo. Kisha akaweka gundi juu ya chuma kitupu. Mzee alinionyesha alama za patasi moja moja, kama daktari anayeonyesha picha ya mapafu.

Halafu silikoni. Hili nalisema kwa hasira kidogo. Maji yalipoanza kuingia mara ya kwanza, kabla ya siku ile ya soksi, kuna mtu aliniuzia tyubu ya silikoni ya madirisha ya nyumba, akaizungushia pembeni mwa kioo, akapangusa kwa kidole chenye mate. Gari lilinuka siki siku mbili. Harufu ile haiji bure: silikoni nyingi za bei nafuu hutoa asidi ya siki zinapokauka, na asidi juu ya chuma kilichokwaruzwa ni sawa na kumpa mgonjwa wa tumbo pilipili. Zaidi ya hapo, inayafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia, na baadaye gundi halisi haikubali kushika mahali ambapo mafuta yake yamebaki. Mzee alitumia karibu asubuhi nzima kuiondoa, akinung'unika kwa Kinande ambacho sikutaka kutafsiriwa.

Kutu ikishaanza chini ya gundi haikai kimya. Kutu ni nene kuliko chuma ilichokula. Inavimba, inainua gundi, inafungua njia ya maji, maji yanaleta kutu nyingine. Ikivimba vya kutosha inasukuma kioo chenyewe, na ndiyo sababu wengine wanaona ufa umeanzia pembeni bila jiwe kugonga. Maji nayo hayadondoki pale yalipoingilia. Yanateremka ndani ya nguzo, nyuma ya plastiki, yanatokea miguuni, na kwenye magari mengi ndiko waya na fyuzi zilikojificha. Nina jirani ambaye taa za gari lake zilikuwa zinawaka na kuzimika zenyewe. Amebadilisha betri, amebadilisha alternata, ameombewa. Nimemwambia ainue zulia.

Na kuna jambo zito kuliko soksi. Gundi iliyobandikwa juu ya kutu imeshika kutu, haijashika gari. Kioo cha mbele kinalisaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka kuelekea juu ukaegemea kioo kabla ya kumpokea mtu. Kioo kikiruka nje, mfuko unakifuata. Kwa wanaoteremka kona za milima yetu hili si somo la darasani.

Kazi ilichukua siku tatu. Ya kwanza kutoa kioo na kufukua. Mzee alisaga mpaka chuma king'ae, na palipokuwa na vishimo vyeusi hakuviacha, kwa maelezo yake kwamba doa jeusi ni mbegu. Sehemu mbili zilikuwa zimetoboka kabisa, moja inapitisha kidole. Hapo mafundi wengi wanajaza mastiki, ile lipu ya kuzibia bodi, wanapiga msasa, wanapaka rangi, na wewe unaondoka ukitabasamu. Mastiki inanyonya maji kama sifongo, na kuibandikia kioo ni kujenga nyumba juu ya biskuti. Yeye alikata kile kilichooza, akaunda kipande cha bati nene kwa nyundo juu ya reli, akakilehemu, akasawazisha. Siku ya pili alipaka ile dawa ya kubadilisha kutu kwenye vijishimo ambavyo mashine haikufika, akaiacha ifanye kazi na kuwa nyeusi, akasafisha, akakausha. Alinionya kwamba dawa hiyo ni ya utando mwembamba tu wa kutu. Anayeimwaga juu ya magamba anapoteza hela. Halafu antirui ya epoksi, yaani rangi ya kuzuia kutu, matabaka mawili, na rangi. Siku ya tatu ilikuwa ya kungoja. Tulikaa. Nilileta chai. Alikataa katakata kurudisha kioo rangi ikiwa bado changa, na kioo kilipokaa alinizuia kuliendesha gari mpaka kesho yake, kwa kuwa gundi ile hukazwa na unyevu wa hewa na kwa baridi ya Goma huenda polepole.

Kufunga kioo mara ya kwanza nililipa dola 15. Kufukua kutu kulinigharimu dola 140 pamoja na rangi. Tofauti hiyo ni ya kichupa cha praima na robo saa ya subira. Sitaki kumtupia kijana wa vioo lawama zote. Nani aliyemwambia afanye haraka? Nani aliyezunguka kwa mafundi watatu akitafuta anayepunguza dola 2? Sisi wenye magari tunalipa kasi, tunalipa mng'ao, halafu tunashangaa tukipewa kasi na mng'ao. Tangu hapo nikimpeleka mtu kubadilisha kioo namwambia asiende kula. Akae pale, aangalie ukingo kabla gundi mpya haijawekwa, aulize iko wapi praima. Fundi mzuri hachukii swali hilo. Anayechukia amekwisha jibu.

Najua dereva wa teksi atanicheka. Siku tatu bila gari ni siku tatu bila kumpelekea mwenye gari hesabu yake, na watoto hawali epoksi. Kwake ningesema basi asubiri kiangazi cha Juni hadi Agosti, wakati kazi ya rangi inakauka vizuri na mvua haimfukuzi fundi, lakini kwa sasa asiruhusu mtu aweke silikoni wala mastiki. Ni heri aone maji yanapoingilia kuliko yafichwe. Kuyatafuta si kazi: mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na bidoni la maji, anamimina pole pole akianzia chini ya kioo na kupanda juu. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi.

Wanaonunua magari yaliyotoka Japani nao watumie dakika moja hapo. Huko kaskazini mwao barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, kisha gari linasafiri baharini hadi Mombasa au Dar es Salaam. Muuzaji amepiga polishi kapo ili macho yako yakae hapo. Wewe pitisha kidole chini ya mpira wa kioo, nusa zulia, tazama pembe za dari la ndani kama zina madoa ya rangi ya chai. Ukiona rangi imepakwa upya kwenye nguzo za kioo peke yake, uliza kwa nini.

Mvua za Machi zimepita na zulia ni kavu. Wiki iliyopita, nikiosha gari, nimeona kipele kimoja pembeni mwa kioo cha nyuma, kioo ambacho hakijawahi kutolewa tangu kiwandani. Hakuna jiwe, hakuna kisu, hakuna kijana wa haraka. Nilimpelekea mzee akione. Alikigusa, akacheka mpaka akakohoa.

"Hii sasa, patroni, unaweza kuipeleka kwa Nyiragongo."