Kano ikikatika: ganzi ipi kwa mgonjwa aliye macho?

Mkata miwa wa Muhoroni, magharibi mwa Kenya, aliyejikata kano za vidole kwa panga si lazima alazwe usingizi. Ziko njia tatu za kumpasua akiwa macho, nami naegemea ile ya mwisho, ingawa si kwa kila mkono.

Ya kwanza aliieleza Mjerumani August Bier mwaka 1908. Mkono hubanwa kwa mkanda wa hewa, kisha lignokeini, dawa ya ganzi, huingizwa kwenye mshipa wa damu. Ganzi hushika haraka, ila mkanda wenyewe huuma, na ukifunguliwa mapema dawa hukimbilia moyoni na kwenye ubongo. Huku ukanda wa Ziwa Viktoria kuna jambo jingine: selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, imeenea, na mwenye selimundu hatakiwi kubanwa mkono ukakosa damu. Je, amepimwa?

Ya pili ni kuzima neva kwapani au juu ya mtulinga. Mkono wote hufa ganzi kwa saa kadhaa. Kwa aliyesagwa mkono na mashine hadi kwenye kigasha, sioni kinachoishinda. Lakini yataka mtaalamu wa nusukaputi, na hao ni haba nje ya hospitali kubwa.

Ya tatu imeenezwa na Donald Lalonde wa Kanada: lignokeini na adrenalini, inayobana mishipa ya damu, hudungwa papo hapo panapopasuliwa, bila mkanda. Vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba adrenalini huozesha vidole, hofu iliyotokana hasa na visa vya enzi za prokeini, dawa ya ganzi ya zamani. Mwaka 2005 Lalonde na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 3,110. Hakuna aliyepoteza kidole. Tena ipo fentolamini, dawa ya kuizimua adrenalini.

Kinachonivuta zaidi ni kano yenyewe. Daktari akishashona, humwambia mgonjwa, "Kunja kidole." Mshono ukiachia pengo, huonekana na kurudiwa kabla ngozi haijafungwa. Aliyezimwa neva za mkono mzima hawezi kukunja chochote. Kasoro hiyo hugunduliwa baadaye, keshajirudia shambani.

Njia hii ya tatu itaharibiwa na haraka. Adrenalini huhitaji kama nusu saa kukausha damu vizuri. Anayekata baada ya dakika kumi ataogelea kwenye damu, kisha ailaumu njia. Dawa idungwe mgonjwa akiwa bado foleni, mwenzake akiwa mezani. Na kipimo cha lignokeini kisizidi miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto mdogo, mwenye hofu kuu, au mwenye vidole vilivyokwisha kukosa damu, huyo atafutiwe njia nyingine.