Kishikwambi, visoda na mvua ya Tukuyu

Mwalimu alikiinua kishikwambi juu ya kichwa, akakizungusha taratibu kushoto na kulia kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini. Somo la sayansi, mzunguko wa damu, shule moja ya msingi jirani na Tukuyu. Waliokaa mbele waliuona moyo ukidunda. Wa nyuma waliona mng'ao wa dirisha tu. Kisha mvua ya Rungwe ikaanza kupiga bati lisilo na dari, na sauti ya video ikaishia hapo.

Ni rahisi kusema teknolojia haijatufaa. Ila nitakuwa nimewaonea wale wa mbele. Vali za moyo zinavyofunguka na kujifunga, mchoro wa chaki hauonyeshi, hata mwalimu awe fundi namna gani, maana mchoro hausogei. Mtoto mmoja aliuliza, "Kwa hiyo ukilala, moyo wenyewe haulali?" Swali kama hilo sijalisikia likitoka kwenye mchoro wa ubaoni.

Tukumbuke vifaa hivi vilikotoka. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vilikabidhiwa kwa walimu kazi ilipokwisha. Chombo cha kumhoji mkuu wa kaya mlangoni hakiwezi kubeba darasa la watoto themanini. Kwa kuandaa somo, hapo sina ubishi: mwalimu wa Makete anafungua vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania bila kusubiri gari la wilaya, ingawa bando mara nyingi ni la mfukoni mwake. Kwa kufundishia darasa zima, kinadai projekta, spika na umeme usiokatika kipindi cha tatu.

Wapo wanaosema turudi kwenye zana za kufaragua: visoda, vijiti, mbegu za maharage, maboksi. Kwa darasa la kwanza na la pili, kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, niko nao kabisa. Mtoto anayejifunza kukopa katika kutoa afunge vijiti kumi kwa mpira, kisha alifungue fungu lile kwa mkono wake. Kugusa kioo hakumpi hilo. Lakini tusizipambe mno. Ofisi nyingi za walimu zina chati za manila zilizopauka, kona zimeliwa na panya, na zana nzuri inakula jioni nzima ya mwalimu ambaye ana rundo la madaftari ya kusahihisha.

Na kuna uvivu mwingine, huu wa kisasa: kuwaonyesha watoto wa Rungwe video ya ziwa la kreta, yaani lililo kwenye shimo la volkano, la ughaibuni ilhali Ziwa Ngozi liko juu ya mlima wilayani mwao.

Kamati ya shule ile ikiniuliza ianze na projekta au dari, nitasema dari. Bila hiyo, kuanzia Novemba hadi Mei projekta itakuwa inaonyesha sinema bubu.