Kosa lilikuwa uzito, si nguvu

Makala moja inasema vichwa vya treni vya umeme vya Central London Railway, reli ya chini ya ardhi jijini London, viliondolewa kwa kukosa nguvu. Hapana. Vyote 28, vilivyoanza kazi mwaka 1900, vilikuwa na mota nne kila kimoja, bila gia: rota, sehemu ya mota inayozunguka, ilikaa moja kwa moja kwenye ekseli ya magurudumu. Kwa hiyo katika tani 44, zaidi ya tani 30 hazikubebwa na springi, zikagonga reli kwa uzito wote. Majengo ya juu yakatetemeka, wenye majengo wakalalamika. Vichwa vichache vilifungwa gia, uzito huo ukashuka hadi takriban tani 11, na mtetemo ukapungua sana. Hilo lilistahili kutajwa! Hata hivyo mabehewa ya abiria yenye mota zake yenyewe yalishinda, na mwaka 1903 yakachukua njia yote: mwisho wa safari hapakuhitajika tena kubadilisha kichwa.